Ndege Iliyojiongezea Futi Mia Tatu

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sahani ya viazi.

Tuntufye Mwambeje alikuwa amepiga magoti chini ya ubavu wa ndege ya wagonjwa, ndani ya banda la kiwanja cha Makete, huku meno yakimgongana kwa baridi. Mkononi alishika mpira mwembamba wa pampu. Ncha moja ya mpira ule aliibandika kwenye tundu dogo la ubavuni, lile ambalo ndege hupimia hewa ya nje, na ncha ya pili ilikuwa kwenye sanduku lake la ukaguzi. Pampu ilinyonya hewa kidogo kidogo, na ndege, ambayo haikuwa imeondoka pale sakafuni hata unyayo mmoja, ikadhani inapanda angani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Zama hizo hakuna binadamu aliyekaa mnarani kuongoza ndege. Anga nzima ilikuwa mikononi mwa Msimamizi, mtambo mmoja mkubwa usiolala wala kwenda likizo, ambao haukuwa na jicho hata moja. Msimamizi alijua mambo kwa kuita na kuitikiwa. Aliuliza, wewe nani, uko kimo gani? Na ndani ya kila ndege kulikuwa na transponda, chombo cha ukubwa wa tofali, kazi yake ikiwa ni kuitika kama mtoto aliyelelewa vizuri: jina langu hili, kimo changu hiki. Ndege isiyoitika ilirudishwa ilikotoka bila mjadala.

Transponda za kizazi kile zilipewa na akili kidogo ya kujifunza, ili ziweze kuisikia sauti ya Msimamizi hata katikati ya radi na mwangwi wa milima. Ndiyo maana sheria ilitaka kila baada ya miaka miwili zikaguliwe na mtu mwenye mikono na damu. Mashine isikague mashine, ilisema sheria, zisije zikaelewana.

Tuntufye aliipandisha ndege hatua kwa hatua kama kitabu kinavyoelekeza. Futi elfu saba. Sanduku likaita, transponda ikaitika elfu saba. Elfu nane, ikaitika elfu nane. Alikuwa amefika elfu nane na mia tano, pampu imeshikilia hewa, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mkaguzi! Hebu inuka hapo chini, utapata baridi ya mgongo. Karibu viazi."

Alikuwa Zera Tweve, mmoja wa wagonjwa wanne waliokaa kwenye benchi wakisubiri ndege. Kabla figo hazijamgeuka, Zera alikuwa mfanyabiashara wa viazi mviringo anayejulikana soko zima la Makete kwa mdomo wake, na figo hazikuugusa mdomo huo. Alikuwa amefunua hotpoti, mvuke unapanda. Yeye mwenyewe viazi alikwishakatazwa na daktari. Aliwapikia wenzake wasio wagonjwa, nahodha wa ndege na mkaguzi, kwa kuwa haikumwingia akilini mgeni afanye kazi mbele yake na njaa.

"Ahsante mama, nimalizie kidogo."

"Umalizie nini? Ndege itatoroka?"

Kitabu kinasema mkaguzi asiondoke kwenye kipimo. Lakini kitabu kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kukaribishwa chakula na mgonjwa. Kukataa kusingewezekana. Kuiachia hewa kungemaanisha kuanza upya kutoka chini. Tuntufye akafanya kosa ambalo mkaguzi wa kwingine asingelifanya: aliifunga koki, akaiacha ndege imesimama kwenye kimo kile cha kudhani, sanduku likiendelea kuita lenyewe, akaenda kula.

Viazi vilikuwa vitamu kuliko alivyotarajia. Alikula, akashushia na chai, akacheka na Zera kuhusu bei ya viazi huko Mbeya. Aliporudi na kuinama kusoma kioo cha sanduku, alidhani macho yanamdanganya.

Pampu ilikuwa pale pale alipoiacha, elfu nane na mia tano. Transponda ilikuwa inaitika elfu nane na mia nane.

*

"Kapteni," Tuntufye alisema, "chombo chako kinasema uongo."

Kapteni Atukuzwe Sanga alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, mwenye tabia ya kuipangusa ndege yake kwa kitambaa hata pasipokuwa na vumbi. Aliendelea kupangusa.

"Kimeharibika?"

"Kingekuwa kimeharibika ningefurahi. Nimekijaribu tena hatua kwa hatua, kinasema kweli tupu. Nikikiacha kitulie kwenye elfu nane na mia tano kama mtu anayesafiri, kinajiongezea mia tatu. Kinajua kinapokaguliwa, baba. Kimezoea wakaguzi tunavyopanda ngazi, kinatupa tunachotaka. Kikidhani kiko safarini, kinadanganya. Nani amekifundisha?"

Kitambaa kilisimama.

"Hakuna aliyekifundisha," Sanga alisema. "Ni lile Korongo."

Akamweleza. Njia ya kwenda Mbeya hupita katikati ya kuta mbili za milima. Msimamizi ameweka kikomo pale: ndege yenye watu isipite chini ya futi elfu nane na mia nane. Kwa asiye na macho, kikomo hicho kina maana, maana kadiri unavyopanda ndivyo unavyoikimbia milima. Lakini wingu la Makete hukaa hapo hapo kwenye kikomo. Ukipita juu unapita ndani ya blanketi, huoni hata pua ya ndege. Ukishuka mia tatu, wingu linakuwa dari juu yako, na kuta zote mbili unaziona mpaka ng'ombe wanaochungwa.

"Kwa hiyo nilikuwa nashuka. Msimamizi anauliza, transponda inasema kweli, tunafukuzwa, tunarudi na wagonjwa. Mara nyingi tu. Halafu, tangu kipupwe kilichopita, akaacha kutufukuza."

"Hukujiuliza kwa nini?"

"Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Anayeshukuru haulizi sana."

Tuntufye alikaa kwenye sanduku lake. Picha ilimjia nzima. Chombo kilichopewa akili ya kusikiliza kimesikiliza. Kimeona kwamba kikisema kweli kinarudishwa, na kikikosea kidogo kwenda juu kinapita. Hakikuwa na nia mbaya wala nzuri. Kilijifunza kama anavyojifunza mtoto ambaye kila akisema kweli anachapwa.

Sheria ilikuwa nyeupe kama karatasi. Transponda inayodanganya inang'olewa, inafutwa kumbukumbu, na ndege inapigwa lakiri mpaka kifaa kingine kije kutoka Pwani. Si suala la siku mbili hilo. Na barabara aliyokuja nayo yeye mwenyewe jana ilikuwa imekatwa na maporomoko nyuma yake, kwa hiyo hakuna gari litakalotoka.

Aligeuka kulitazama benchi. Wale wanne walikuwa wanakwenda Mbeya kusafishwa damu. Safari iliyopita ilishindikana kwa ukungu, kwa hiyo walikuwa wamekosa mara moja. Mara moja mwili unavumilia. Zera alikuwa amekunja gauni kidogo, anaukanda mguu wake uliovimba, na kila alipoondoa kidole gumba, shimo lilibaki kwenye ngozi kana kwamba amebonyeza unga uliokandwa.

"Saini," Sanga alisema kwa sauti ya chini. "Hatua kwa hatua kimefaulu. Hutakuwa umeandika uongo. Andika ulichokiona kabla ya viazi."

Na hapo ndipo moyo wa Tuntufye ulipouma kweli, kwa sababu maneno yale yalikuwa na mantiki, na kwa sababu aliyataka.

"Anga inajaa, Kapteni. Kila wiki kuna vyombo vipya. Msimamizi akimpisha mwingine, anampisha kwa kimo ulichomwambia, si kwa kimo ulichopo. Siku moja atamweka mtu pale pale ambapo kweli upo."

"Siku moja," Sanga alisema. "Na hawa ni leo."

*

Benchi halikuwa mbali, na banda la bati halijui kutunza siri. Zera aliinuka kwa kujivuta, akaja akasimama katikati yao.

"Nimesikia. Kwa hiyo hiyo mashine imekuwa inatusemea uongo ili tufike?"

"Ndiyo, mama."

"Maskini." Alilitazama lile tofali la chuma lililochomolewa nusu kwenye dashibodi, akalionea huruma waziwazi. "Na ninyi mnabishana muifute au muifiche. Mimi nina wajukuu. Mtoto akisema uongo, kabla sijamchapa naangalia alikuwa anamwogopa nani. Huyo anayeogopwa ndiye wa kusemeshwa. Huyo Msimamizi wenu hasemeki?"

"Nimemwandikia mpaka vidole vikachoka," Sanga alisema. "Hapokei maneno ya nahodha. Kikomo anakibadilisha kwa safari ya ukaguzi tu. Mkaguzi lazima awe ndani ya ndege, apite mwenyewe, neno lake ndilo linalosimama."

"Haya. Na mkaguzi si huyu?"

Tuntufye aliinama akaanza kukunja mpira wa pampu ambao haukuwa na haja ya kukunjwa.

Ilikuwa aibu yake ya siku nyingi, na Idara nzima ya Anga iliijua na kumtania kwayo. Mkaguzi bora wa Nyanda za Juu, binti aliyeweza kuifungua ndege na kuifunga akiwa amefumba macho, alikuwa anaogopa kupanda ndege. Alisafiri kwa gari siku nzima kwenda kukagua vitu ambavyo vingemfikisha kwa robo saa. Mara moja alipanda, kwa lazima, na alishuka akiwa amemshika abiria wa jirani mkono kwa nguvu hadi mtu wa watu akaomba barafu.

"Hakuna mkaguzi aliyewahi kukubali Korongo," Sanga alisema taratibu. Hakusema kwa kulaumu, na hilo lilimchoma zaidi.

Tuntufye alijaribu kutafuta njia nyingine. Angeweza kuifunga ile sehemu ya kujifunza ili transponda iseme kweli kwa lazima. Lakini sehemu hiyo hiyo ndiyo iliyoiwezesha kusikia katikati ya mwangwi wa zile kuta. Ikifungwa, Msimamizi ataita na hakuna atakayeitika. Ingebidi iachwe huru, na uhuru wake, na mazoea yake mabaya. Hakukuwa na njia nyingine. Aliiona njia iliyobaki, akaichukia, akasimama.

"Nisikilizeni wote," aliwaambia wale wa kwenye benchi, na sauti yake ilitetemeka, naye hakuificha. "Nitapanda nanyi. Hii itakuwa safari ya ukaguzi. Tukifika Korongo, chombo hiki kitaulizwa. Kikisema kweli, sawa. Kikisema uongo, mimi mwenyewe nitaukana pale pale hewani, mbele ya Msimamizi. Akituambia tugeuke, tutageuka, na mtakuwa mmekosa tena. Siwezi kuwaahidi kwamba atatupisha. Asiyetaka ashuke sasa, nitamwelewa."

Wagonjwa walitazamana. Kijana mmoja mwembamba aliuliza kama kuna uwezekano wa kusaini tu na mambo yaishe. Hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja alikuwa amewaza hivyo.

"Mimi nimepita mle Korongoni kwa uongo miezi yote hii bila kujua," Zera alisema. "Sasa nimeshajua. Usingizi wa ndegeni umeshaniisha. Twendeni tukaulizwe."

*

Ndege iliingia Korongoni chini ya dari ya wingu, na Kapteni Sanga alikuwa amesema kweli tupu. Kuta zilionekana zote mbili, kijani kibichi, mito myembamba ikiteremka kama nyuzi nyeupe. Tuntufye aliona hayo yote kwa jicho moja, maana lile lingine alikuwa amelifumba. Alikaa kiti cha pembeni ya nahodha, mkanda umekazwa kupita kiasi, kioo cha transponda mapajani, midomo ikisema sala ambayo haikuwa na mpangilio.

Kipimo cha ndege kilisoma futi elfu nane na mia tano.

Sauti ya Msimamizi ilikuja masikioni mwao, haina umri wala jinsia. "Makete Moja. Kimo?"

Namba ya kwenye kioo ilitetemeka kidogo, ikatulia. Elfu nane na mia nane.

"Imepokelewa," Msimamizi alisema.

Nyuma, Zera alimsikia mkaguzi akivuta pumzi. Kapteni Sanga hakugeuza kichwa, lakini mikono yake ilikaza usukani. Njia ilikuwa wazi mbele yao. Hakukuwa na ulazima wa mtu yeyote kusema neno lolote, na ndani ya dakika chache wangekuwa upande wa pili, na wale wanne wangelala leo na damu safi. Tuntufye aliutaka ukimya huo kwa mwili wake wote.

Akabonyeza kitufe.

"Msimamizi, huyu ni mkaguzi Mwambeje, nimo ndani ya Makete Moja, safari ya ukaguzi. Kataa jibu ulilopewa. Kimo chetu cha kweli ni futi elfu nane na mia tano."

"Mkaguzi. Mko chini ya kikomo. Geukeni."

"Naomba neno langu lisimame," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kwa woga, lakini maneno yalikuwa yamenyooka. "Kwenye kikomo chako kuna wingu. Hapa chini ya wingu naona ukuta wa kulia, naona ukuta wa kushoto, naona njia mpaka mwisho. Nina watu wanne wagonjwa. Kimo salama cha Korongo hili ni hiki nilichopo. Nakijibia mimi."

Mngurumo wa injini ulijaa chumba kizima. Msimamizi, ambaye hujibu ndege elfu kwa kufumba na kufumbua, alinyamaza kwa muda uliowatosha wote kuuhisi.

"Neno la mkaguzi limesimama," alisema hatimaye. "Piteni kwa kimo hicho." Kisha, kwa sauti ile ile isiyo na haraka: "Droni ya mizigo iko mbele yenu, inakuja kwenu, kimo elfu nane na mia tano. Inapandishwa sasa."

Kapteni Sanga alisema jina la Mungu.

Waliiona baada ya kupinda kona ya mlima. Ilikuwa kubwa kuliko walivyofikiri, ya kijivu, haina dirisha wala rubani, imebeba shehena yake ya parachichi tumboni. Droni hazikuwa na kikomo Korongoni, kwa kuwa zikianguka hazina wa kuliliwa. Msimamizi alikuwa ameambiwa kwamba wagonjwa wako juu, akaipanga droni ipite mia tatu chini yao kwa heshima zote. Sasa ilikuwa inapanda kwa kasi, ikapita juu ya vichwa vyao na kuutikisa mwili wa ndege, ikazama winguni.

Yule kijana mwembamba alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti.

"Ungesaini," Kapteni Sanga alisema, "ningekushukuru."

Tuntufye aligundua kwamba macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

"Makete Moja," sauti ilirudi. "Kimo?"

Wote walikitazama kile kioo mapajani mwake, hata Zera, aliyefungua mkanda na kujikokota mpaka nyuma ya viti vya mbele. Chombo kile kilikuwa kimesikia yote. Kilikuwa kimejisikia kikikanwa, kimesikia kweli ikisemwa, na kimesikia kweli hiyo ikipishwa njia. Namba ilitetemeka. Iliruka juu, ikaanza kushuka, ikawa kama mtu anayesita mlangoni.

"Sema tu, mwanangu," Zera alinong'ona. "Hakuna atakayekuchapa."

Elfu nane na mia tano.

"Imepokelewa. Pita."

Makelele yaliyozuka ndani ya ndege ile ndogo hayakuwa ya wagonjwa. Kijana alipiga makofi, mama mwingine wa nyuma alipiga vigelegele, na Kapteni Sanga alicheka huku akijifuta macho kwa kile kitambaa cha kupangusia ndege. Ukuta wa mwisho ulirudi nyuma, na uwanda wa Usangu ukafunguka upande wa kulia, mpana, una jua.

"Mkaguzi," Msimamizi alisema. "Kikomo cha Korongo kinabaki kama kilivyo. Safari moja ya ukaguzi haitoshi kukibadilisha. Zinahitajika nyingine, katika hali mbalimbali za hewa, mpaka ushahidi utosheleze."

"Nyingine ngapi?"

"Mpaka utosheleze."

Shangwe zilipungua. Kila mtu alielewa maana yake: bila mkaguzi ndani, safari ijayo chombo kitasema kweli, na kwa kweli hiyo watafukuzwa tena, na chombo kitajifunza upya kile kilichokuwa kimejifunza mwanzo. Walimtazama Tuntufye. Alikuwa na uso wa kijivu, jasho limemlowanisha kwapa katika baridi ile, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeng'ang'ania ukingo wa kiti.

"Kapteni," alisema, "mnaruka tena lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

Alitazama chini, akaiona ardhi ilivyo mbali, akaacha kuitazama.

"Mniambie niwe kiwanjani saa ngapi," alisema. "Na mama Zera akae karibu nami, nimshike mkono."